Hundi Ikirudi: La Kufanya Kuanzia Kaunta ya Benki Hadi Mahakamani

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, mfanyabiashara wa mabati ambaye mimi humwekea vitabu vya hesabu hapa Mombasa alipata ujumbe wa benki kwenye simu. Shilingi 340,000 zilikuwa zimeonekana kwenye akaunti yake. Mnunuzi alikuwa amesimama mbele yake, ameshika risiti ya benki yenye mhuri, lori liko nje na makuli wanangoja. Mabati yakapakiwa. Jumanne hundi ikarudi, na simu ya mnunuzi ikawa haipatikani.

Yule bwana hakuwa mzembe. Risiti ilikuwa ya kweli na ujumbe ulikuwa wa kweli. Ila hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kuweka hundi si kuweka pesa. Hundi iliporudi alikimbilia kituo cha polisi mikono mitupu, bila hata karatasi ya benki inayosema kwa nini imerudi, na jalada lake likalala miezi mitatu. Nimeyaona haya mara nyingi, na kila mara huniuma, kwa sababu kazi ya siku mbili za mwanzo ndiyo inayoamua kama mtu atalipwa. Ninayoyaandika hapa ni kwa mujibu wa sheria na taratibu za Kenya. Aliyeandika hundi nitamwita mtoaji, na aliyepewa nitamwita mpokeaji. Wengine husema cheki imebaunsi. Ni jambo lile lile.

Hundi inavyosafiri

Tangu 2011 benki za Kenya hazibebeani tena makaratasi. Hundi unayoweka hupigwa picha kwenye benki yako, picha hiyo na maelezo yake husafiri kwa mtambo wa kubadilishana hundi hadi benki ya mtoaji, na benki hiyo huamua kulipa au kukataa. Kwa kawaida safari hii huchukua siku moja ya kazi: ukiweka Jumatatu asubuhi, pesa huwa zako Jumanne. Ukiweka Ijumaa alasiri baada ya saa ya mwisho ya kupokea hundi, hesabu huanza Jumatatu, na hapo ndipo matapeli wanapopenda kupita.

Katikati ya safari hiyo akaunti yako huonyesha salio mbili. Moja ni ya daftari, ambayo imeshahesabu hundi. Nyingine ni salio unaloweza kulitoa. Ujumbe wa simu mara nyingi hutaja ile ya kwanza. Ukitaka kujua kama umelipwa, jaribu kutazama salio la kutoa, au piga simu tawini uulize kwa maneno haya haya: "Hundi hii imeshalipwa na benki ya mtoaji?"

Jambo jingine la kukumbuka: tangu 2009 hundi moja haiwezi kuzidi shilingi milioni 1. Kiasi kinachozidi hapo hupita kwa njia ya RTGS, yaani mfumo wa kuhamisha pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki bila hundi. Anayekuletea hundi ya milioni 2 ama hajui, ama anatafuta siku mbili za kukimbia.

Kwanza, soma sababu

Hundi ikikataliwa, benki huandika sababu. Usiondoke benki bila maandishi hayo. Omba hundi yenyewe au nakala ya picha yake iliyochapishwa, ikiwa na sababu na mhuri wa tarehe. Hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote utakazokusanya, na njia yako yote inategemea kilichoandikwa hapo.

Kuna sababu za makosa ya uandishi tu. Kiasi cha maneno hakilingani na cha tarakimu. Tarehe haijafika. Hundi imepita miezi 6 tangu tarehe yake, ikachakaa. Kuna mahali pamefutwa na kuandikwa upya. Saini haifanani na iliyoko benki, au kampuni inahitaji saini mbili na imewekwa moja. Hapa usimwite mtu mwizi. Mpigie simu, mwambie kosa, omba hundi mpya siku hiyo hiyo. Lakini kuwa macho kidogo na saini: wapo wanaotia saini isiyofanana makusudi ili wapate wiki moja ya kupumua. Ikitokea mara ya pili kutoka kwa mtu yule yule, mimi huichukulia kama hundi isiyo na pesa.

Kisha kuna sababu za pesa. Karatasi inaweza kusema wazi kwamba akaunti haina fedha za kutosha. Mara nyingi zaidi utakuta maneno ya Kiingereza "Refer to Drawer", au herufi R/D tu. Tafsiri yake ni kwamba benki inakuambia ukamuulize mtoaji mwenyewe. Kwa adabu ya kibenki ni kusema pesa hazikuwepo bila kuitoa nje siri ya mteja. "Effects not cleared" ni tofauti kidogo: mtoaji naye ameweka hundi ya mtu mwingine, na pesa hizo hazijakomaa. Huyu mpe siku mbili tatu, kwa sababu huenda ukalipwa ukiirudisha hundi benki.

Mbili za mwisho ni nzito. "Payment stopped" ni kwamba mtoaji ameiagiza benki isilipe. Huenda ana lalamiko la kweli juu ya bidhaa ulizompa, kwa hiyo msikilize kabla ya lolote. "Account closed" ni akaunti iliyofungwa, na mtu anayeandika hundi ya akaunti aliyokwisha kuifunga huwa anajua anachokifanya.

Pili, zuia hasara isikue

Hatua hii ni fupi lakini watu huisahau kwa hasira. Kama bado hujatoa bidhaa zote, simamisha. Kama ulikuwa umetegemea pesa hizo kuandika hundi zako mwenyewe, wahi benki au wapigie uliowaandikia, la sivyo ya mwenzako itaangusha zako. Benki nyingi humtoza ada mtoaji wa hundi iliyorudi, na nyingine humtoza hata aliyeiweka. Angalia orodha ya ada za tawi lako na uandike kiasi hicho, kwa sababu utakidai.

Halafu tengeneza jalada. Weka ndani hundi au nakala yake, karatasi ya sababu, ankara, hati ya kupokelewa mzigo yenye saini ya mnunuzi, nakala ya kitambulisho chake kama ulichukua, na mazungumzo yenu yote ya WhatsApp. Usifute ujumbe hata mmoja, na usibadilishe simu bila kuyahifadhi. Mahakama hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka uambatanishe cheti kinachoeleza ujumbe ule umetolewa kwenye kifaa gani na namna ulivyochapishwa. Ni karatasi ya ukurasa mmoja. Nimeona madai mazuri yakiyumba kwa kukosa ukurasa huo.

Na jambo moja ambalo nitalisema kwa nguvu: usimrudishie mtoaji hundi ya asili kabla hajakulipa. Atakuambia, "Nipe ile, nikuandikie nyingine." Ukimpa, umempa ushahidi wako. Apokee nakala.

Tatu, zungumza naye, na mzungumze kwa maandishi

Mpigie siku hiyo hiyo. Usimtukane na usimtishie. Sauti yako huenda inarekodiwa, na mtu aliyeaibishwa mbele ya wafanyakazi wake hulipa mwisho. Mwambie hundi imerudi, taja sababu iliyoandikwa, uliza atalipa lini na kwa njia gani. Mkimaliza, mwandikie ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo saa nne, umesema utalipa 340,000 kufikia Ijumaa." Akijibu "sawa", umeshapata kukiri kwa deni.

Usiirudishe hundi benki bila kukubaliana naye, maana ikirudi mara ya pili ada ni nyingine na siku zimepotea. Afadhali alipe kwa njia ambayo haina kusubiri. Kwa M-Pesa, tangu 2023, mtu anaweza kutuma hadi 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku. PesaLink hupitisha kiasi cha chini ya milioni 1 kutoka benki hadi benki papo hapo. Akitaka kulipa kwa awamu, kubali ikiwa awamu ya kwanza inalipwa leo. Makubaliano yaandikwe, yataje kwamba kukosa awamu moja kunafanya deni lote lidaiwe mara moja. Kila kiasi unachopokea kitolee risiti inayosema ni sehemu ya deni, asije akadai kwamba mlikuwa mmemalizana.

Huenda akasema, "Lakini mimi nilishakulipa kwa hundi." Sheria haimsaidii hapo. Hundi ni malipo yenye sharti: ikilipwa, deni limekufa, ikirudi, deni linafufuka kama lilivyokuwa.

Nne, barua ya madai

Mazungumzo yakikwama, andika barua. Si lazima wakili aiandike, ingawa barua ya wakili huamsha watu. Taja tarehe na nambari ya hundi, benki na tawi, kiasi, tarehe iliyorudi na sababu kama benki ilivyoiandika. Eleza hundi ilikuwa ya kulipia nini. Dai kiasi hicho pamoja na ada za benki, mpe siku 7 au 14, na useme wazi kwamba zikipita utakwenda mahakamani bila kumwarifu tena. Ipeleke kwa mkono na anayeipokea atie saini kwenye nakala yako, au itume kwa njia inayobaki na alama.

Usisubiri mwezi. Sheria ya hati za malipo, sura ya 27, inataka taarifa ya kukataliwa kwa hundi itolewe bila kuchelewa, na kwa kawaida huhesabiwa siku inayofuata. Mtoaji ambaye hakuwa na pesa benki hawezi kujificha nyuma ya kukosa taarifa. Lakini kama hundi ilikufikia kupitia mtu wa tatu aliyeipiga saini nyuma na kukukabidhi, huyo anaweza kuponyoka kabisa usipomwarifu mapema. Ndiyo maana mimi huwaambia wateja wangu wasipokee hundi iliyoandikwa jina la mtu mwingine.

Tano, Mahakama ya Madai Madogo

Hapa ndipo ninapotaka watu waende, na hapa ndipo wengi hawafiki. Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya 2016 na ilianza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa madai. Tazama hesabu hiyo: hundi moja haizidi milioni 1, na mahakama hii inafikia milioni 1. Karibu kila hundi moja inayorudi nchini inaweza kudaiwa hapo.

Huhitaji wakili. Unajaza fomu ya madai, unaeleza kisa chako kwa ufupi, unaambatanisha jalada ulilolitengeneza, na unasimama mwenyewe mbele ya mwamuzi. Karani wa mahakama atakuonyesha namna ya kufungua madai kwa mtandao. Mtoaji akifikishiwa hati na asijibu, unaweza kuomba uamuzi bila yeye.

Akijibu, usiogope sana. Mahakama huichukulia hundi karibu kama pesa taslimu. Hawezi kusema tu kwamba mabati mawili yalikuwa na kutu na kwa hiyo halipi chochote. Hayo ni madai yake mengine. Kinachoweza kumwokoa ni ulaghai wako, saini ya kughushi, biashara haramu, au kwamba hukumpa kabisa kile alicholipia.

Kabla ya kufungua, hakikisha unamshtaki mwenye deni. Hundi ya kampuni ni deni la kampuni. Mkurugenzi aliyetia saini kwa niaba yake hawajibiki binafsi kwa saini hiyo pekee. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, ukajua jina kamili lilivyosajiliwa. Kosa la jina hufanya hukumu nzuri ishindwe kutekelezwa.

Na hukumu yenyewe si pesa. Ukishinda na bado halipi, unaomba utekelezaji: dalali wa mahakama akamate mali, au benki iamriwe kukulipa kutoka kwenye akaunti ya mdaiwa. Hapo nakala ya hundi inakufaa tena, kwa kuwa inaonyesha anaweka pesa wapi. Kama hundi zilikuwa nyingi na jumla imepita milioni 1, unakwenda kwa hakimu, ambako mambo huchukua muda zaidi. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa, lakini ukikaa miaka 5 mashahidi wako watakuwa wamehama.

Vipi kuhusu polisi?

Kutoa hundi mbovu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. Kosa lipo kama mtoaji alijua akaunti haina pesa za kutosha, au alijua imefungwa, au alikuwa ameshaiagiza benki isilipe. Adhabu ni faini isiyozidi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Soma tena kiasi cha faini, halafu ujiulize inakwenda kwa nani. Inakwenda serikalini. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, lakini usijenge matumaini yako juu ya hilo. Tena upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtoaji alijua, na hilo si rahisi kwa mtu atakayesema alitarajia pesa ziingie.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye hundi ya tarehe ya mbele. Sheria inasema shtaka la kutokuwa na pesa haliihusu hundi ya namna hiyo, kwa sababu uliyeipokea ulijua kwamba siku hiyo pesa hazipo, ulipokea ahadi. Wafanyabiashara wengi wanaouza kwa mkopo hukusanya hundi za tarehe za mbele wakidhani wameshika kamba ya jela. Hawakuishika. Wameshika ushahidi mzuri wa deni, wa kupeleka mahakama ya madai.

Nenda polisi kama akaunti ilikuwa imefungwa, kama hundi imeibwa au kughushiwa, kama mtu alitumia jina la uongo, au kama kuna wengine aliowafanyia vivyo hivyo. Nenda na jalada, na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Yule bwana wa mabati, tulipopata karatasi ya benki, ilisema akaunti ilifungwa wiki kadhaa kabla ya hundi kuandikwa. Karatasi hiyo ingekuwa mkononi mwake Jumanne ile, shauri lingeanza siku hiyo. Sheria inaruhusu jinai na madai yaende pamoja, kwa hiyo moja halikuzuii lingine. Ila usimtumie askari kama mkusanya madeni. Ukimwambia ofisa "mkamateni hadi alipe", unajiweka pabaya wewe na yeye.

Ukiwa wewe ndiye hundi yako imerudi

Hutokea kwa watu waaminifu, na aibu yake ni kubwa. Mpigie mpokeaji kabla hajakupigia. Mlipe kwa pesa za papo hapo, si kwa hundi nyingine. Mlipe na ada yake ya benki bila kuombwa. Kisha chukua hundi ya asili na barua fupi yenye saini yake inayosema deni limelipwa, na tarehe.

Barua hiyo utaihitaji. Hundi iliyorudi kwa kukosa pesa ni taarifa mbaya ambayo benki hupeleka kwenye ofisi za taarifa za mikopo, yaani CRB. Ile iliyorudi kwa makosa ya uandishi haipaswi kupelekwa. Una haki ya kupata ripoti yako mara moja kwa mwaka bila malipo. Iombe, isome, na ukikuta saini isiyofanana imeandikwa kana kwamba ulikosa pesa, peleka pingamizi kwa maandishi ukiambatanisha karatasi ya benki. Watu wamenyimwa mikopo ya kusomesha watoto kwa mstari mmoja ambao hawakujua upo.

Ukitaka kusimamisha hundi kwa sababu umepewa bidhaa mbovu, iagize benki kwa maandishi kabla hundi haijafika, na siku hiyo hiyo mwandikie mpokeaji ueleze kwa nini. Kunyamaza ndiko kunakoonekana kama ulaghai.

Kabla hujapokea nyingine

Kwa mteja mpya, mzigo usitoke hadi hundi ilipwe. Akikuharakisha Ijumaa jioni, mpe kiti na soda, lakini mabati yabaki dukani. Hundi ya benki, ile ambayo benki yenyewe ndiyo inayoitoa, ni salama zaidi, lakini nayo hughushiwa: pigia tawi lililoitoa kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si iliyoandikwa kwenye hundi. Soma tarehe, jina, maneno na tarakimu hapo hapo kaunta, kwa sauti. Mteja mwaminifu hatachukia.

Neno kwa walioko Dubai na Abu Dhabi

Huko kodi ya nyumba hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, wakati mwingine nne kwa mwaka, na Waswahili wengi wamefika huko wakiwa hawajawahi kumiliki kitabu cha hundi. Sheria ya Falme za Kiarabu ilibadilika kuanzia tarehe 2 Januari 2022. Kukosa pesa pekee hakupeleki mtu jela kama zamani. Badala yake mwenye hundi huenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji, bila kesi ndefu, na benki inatakiwa kulipa kiasi kilichopo hata kama hakitoshi, isipokuwa mwenye hundi akikataa. Aliyefunga akaunti au kuondoa salio lote kabla ya tarehe ya hundi, au aliyeiandika kwa makusudi ili isilipwe, bado anashtakiwa kwa jinai. Kwa hiyo ukirudi nyumbani kabla ya mkataba kwisha, usifunge akaunti hadi mwenye nyumba akurudishie hundi zilizobaki mkononi mwake.